Usikimbie, Mume Wangu

"Viatu vyangu viko wapi?"

"Vya kwenda wapi?"

"Nje tu hapo, mke wangu. Nipate hewa."

"Hewa ya barazani haitaki viatu. Vaa ndara, nakuletea kiti."

Kinyozi akavaa ndara. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, akabeba kiti mpaka barazani, akamkalisha kama mgeni rasmi, akamfunika miguu kwa shuka.

Miezi mitano ilikuwa imepita tangu Kinyozi aanguke kazini, mashine bado inanguruma mkononi na mteja kanyolewa nusu kichwa. Moyo, walisema hospitalini. Fundi ndiye aliyefika wa kwanza. Alimwinua kichwa, akaona macho yamegeuka, na tangu siku ile hakuamini tena kwamba mumewe yuko hai kweli. Alimwogesha. Alimkatia nyama kwenye sahani. Kinyozi akienda chooni, yeye alisimama mlangoni akihesabu kimoyomoyo.

"Daktari amesema upumzike," alimwambia kila siku. "Hata ndoo usiguse."

Asubuhi ile alishona sketi mbili za sare za shule, kisha akanyanyuka kumpelekea mumewe chai.

Kiti kilikuwa kitupu. Shuka limekunjwa vizuri.

"Baba watoto?"

Sebuleni hayupo. Chooni hayupo. Uani hayupo. Chai ikammwagikia vidoleni asihisi. Ndipo simu ya Kinyozi, iliyokuwa mezani, ikalia mara moja. Ujumbe kutoka kwa "Dada N".

"Nipo getini nakusubiri. Jana ulinifurahisha sana. Mkeo usimwambie kwanza, mpaka uwe na nguvu."

Fundi alisoma mara tatu. Akakaa sakafuni. Kisha akampigia dada wa mumewe.

"Wifi, kaka yako ana mwanamke."

"Kaka yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi?"

"Huyo unayemwogesha? Wifi, mwanamke atampeleka wapi mtu asiyebeba hata kikombe?"

"Usinichekeshe, nalia mwenzio! Moyo wake hauwezi. Atafia huko, mikononi mwa mtu nisiyemjua."

Wifi akaacha mzaha.

"Juzi nilimwona mtu akipandisha barabara ya uwanja wa shule. Nikadhani nimemfananisha. Alikuwa anatembea kama kijana."

Fundi hakuaga. Alitoka na uzi bado umening'inia begani.

Barabara ile ilikuwa mlima. Zamani alikuwa anaupanda huku anapiga soga. Sasa, alipofika kwenye duka la magodoro, pumzi zilikuwa zinakuja kwa mafungu. Muuza magodoro alikuwa anafungua milango ya bati.

"Fundi, kuna nini?"

Akampungia mkono tu.  Magoti yalimwuma kama yamechomekwa sindano, mgongo uliozoea kuinamia cherehani kutwa ukagoma kunyooka. Akashika nguzo ya umeme. Kila alipofumba macho aliyaona yale macho yaliyogeuka. Mungu wangu, nisimkute amelala chini. Akasahau hata wivu. Awe na huyo mwanamke, lakini awe anapumua.

Akafika getini. Kule ndani, pembeni mwa uwanja, Kinyozi alikuwa amesimama na raba nyeupe asizozijua. Mbele yake mwanamke wa makamo, kamshika mkono, kainamisha kichwa.

"Mwachie mume wangu!"

Akataka kukimbia. Alipiga hatua nne, tano. Kifua kikabana, uwanja ukazunguka, akaanguka kwa magoti kwenye vumbi.

Kinyozi aligeuka. Akamwona. Akaanza kukimbia.

"Usikimbie!" Fundi alipiga kelele kwa pumzi ya mwisho aliyokuwa nayo. "Usikimbie, mume wangu! Utakufa!"

Hakusimama. Alikuja mbio, uwanja mzima, mkewe akiziba macho akingojea kishindo cha mwili kuanguka. Hakikuja. Kilichokuja ni mikono miwili ikimnyanyua kwapani.

"Nipo. Vuta pumzi polepole. Nipo."

"Umekimbia..."

"Nimekimbia. Tulia."

Yule mwanamke alifika na kipimo cha presha. Akampima Kinyozi kwanza, akaachia tabasamu. Akampima Fundi, tabasamu likafutika. Akapima tena.

"Mama, unaishi na presha hii tangu lini?"

"Presha gani? Mimi si mgonjwa. Wewe ni nani?"

"Huyu ni Nesi," alisema Kinyozi. "Na wale pale ni wagonjwa wenzangu."

Ndipo Fundi akawaona. Watu kama kumi, wazee kwa makamo, wamesimama kwenye mstari wa uwanja, wanamtazama kwa huruma.

Nesi alichuchumaa mbele yake.

"Mama, umenisahau, lakini mimi sijakusahau. Siku mumeo anaruhusiwa, karatasi ya daktari nilikupa wewe. Nikakusomea mara mbili. Atembee kila siku, aanze kidogo kidogo, na aje kwenye kikundi chetu tumwangalie. Wiki zikapita hamji, ikabidi nimpigie mwenyewe."

Fundi aliinamisha uso.

"Uliniambia nimekatazwa hata kubeba ndoo," alisema Kinyozi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi. "Viatu umevifungia kabatini. Hata raba hizi kaniazima mlinzi wa shule."

"Nilikuona umekufa, baba. Nimekushika umekufa!"

"Na mimi nilikuwa nimekufa miezi yote hiyo, pale kwenye kiti. Hukuniona?"

 Akalia, na Kinyozi hakumfuta machozi.

Siku hiyo hiyo Kinyozi alifungasha nguo chache akaenda kwa dada yake. "Sirudi kwenye kile kiti," ndiyo maneno pekee aliyoacha.

Nyumba ikawa kubwa. Fundi alikaa kwenye cherehani, asishone. Alipewa dawa za presha, na onyo: akiendelea kukaa hivi, atafuata njia ile ile ya mumewe. Hofu aliyokuwa amemtwika mwenzake sasa ilikuwa kifuani mwake mwenyewe, inadunda.

Jioni akaandika: "Umekula?"

Jibu likachelewa. "Nimekula. Nimejichotea maji mwenyewe. Ndoo mbili."

Alisoma neno "ndoo" akainuka kwenye cherehani. Vidole vikakimbilia kuandika "acha". Akafuta. Akaandika: "Sawa."

Siku ya nne, kumekucha tu, alifika uwanjani. Nesi akampangia nusu mzunguko. Kinyozi alikuwa mbele, hakugeuka. Fundi alitembea nyuma ya wote, mkono kiunoni, akiomba Mungu kila hatua, hajui anamwombea nani. Siku ya tano akafanya mzunguko mzima. Siku ya sita, Kinyozi akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Magoti?"

"Yanalalamika. Kama wifi yangu tu."

Kinyozi alijizuia asicheke, akashindwa.

"Kwa nini ulinificha ile karatasi?"

"Niliona 'atembee', nikasikia 'aanguke'. Niliogopa. Bado naogopa, sikudanganyi. Nisamehe."

"Na mimi nilikuacha ukadhani nina mwanamke. Ningekwambia siku ile ile Nesi aliponipigia."

"Ukianguka tena je?"

"Siwezi kukuahidi kwamba sitaanguka. Nakuahidi sitaondoka bila kukwambia naenda wapi." Akamtazama. "Na wewe?"

"Sitakufungia kitu. Ila nitakuuliza unajisikiaje mpaka unichukie."

"Hilo nimelizoea."

Akarudi nyumbani mchana ule, begi kabeba mwenyewe. Fundi alimtazama akilipandisha ngazini, mikono yake mwenyewe kaifungia nyuma ili isimpokee.

Baada ya miezi miwili, Kinyozi alikuwa anasimama kazini nusu siku nzima bila kuegemea ukuta. Fundi naye, kila akimaliza sketi, ananyanyuka, anazunguka ua, anarudi. Presha imeshuka. Hofu haijaisha, imepungua sauti tu. Bado huamka kabla ya mumewe, akaweka sikio karibu na pua yake, akasikiliza pumzi ikiingia na kutoka.

Asubuhi moja Kinyozi alifumbua jicho moja.

"Bado ninapumua?"

"Unapumua."

"Basi amka uvae. Tunachelewa uwanjani."