Vifaranga wa Mama Pendo Yupi?

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Bernadina aliinamia mashine yake ya kutotolesha vifaranga na kusikiliza. Yai lililokaribia kutotolewa lina sauti. Kifaranga huligonga ganda kwa ndani, kidogo kidogo. Bernadina alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na bado sauti ile ilimfurahisha.

Alikuwa mdadisi tangu zamani. Utotoni aliwahi kulala na yai kwapani, ili aone kama na yeye anaweza kuatamia. Yai likapasuka, na mama yake akacheka mpaka machozi. Sasa alikuwa mtu mzima, na mjini Korogwe watu walimwita Mama Jacob, kwa jina la mwanawe. Mashine aliiweka kwenye fremu ya duka aliyoikodi. Watu walimletea mayai kutoka Mnyuzi, Ngombezi na Mpale, wengine hata Handeni. Baada ya wiki tatu walirudi kuchukua vifaranga.

Kazi ilipokua, Bernadina alikodi mfumo wa mtandaoni. Ndani ya mfumo kila mteja alikuwa na akaunti, yaani sehemu yake yenye jina, namba ya simu na trei za mayai yake. Vifaranga wakitoka, mfumo ulimtumia mteja ujumbe aje kuwachukua.

Akaunti zote alizifungua Bernadina mwenyewe. Mteja akifika, alimvutia kiti.

"Kaa upumzike, mama. Nakuandikia mimi."

Wanawake hakuwauliza majina. Mwanamke mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto, basi. Kumwambia mtu mzima, "Wewe unaitwa nani hasa?" Bernadina aliona ni kama kumhoji kituo cha polisi. Namba za simu pia hakuwasumbua nazo. Aliweka yake. Neno la siri aliwapa wote moja, nalo lilikuwa kuku.

Basi ujumbe wa wateja wote uliingia kwenye simu yake. Simu ililia kutwa nzima. Bernadina alipochoka aliitoa sauti, akaiacha itetemeke tu kwenye mfuko wa aproni.

Alhamisi moja alifika Mama Pendo wa Mpale, mwanamke wa makamo, ameshika boksi lililotandikwa kipande cha khanga. Dukani alikuwepo pia Mwaija. Huyu alikuwa dada wa Handeni aliyekodisha mifumo ya mtandaoni kwa wenye maduka, na siku hiyo alikuwa amekuja kuwatembelea wateja wake wa Korogwe.

"Shikamoo, mama," Bernadina alisalimia.

"Marahaba, Mama Jacob. Wanangu wametoka?"

"Wametoka, tena wazima. Hawa hapa."

Mama Pendo alimwinua kifaranga mmoja. Akampapasa shingo kwa kidole. Akamrudisha, akamwinua mwingine.

"Hawa si wangu," alisema.

"Ni wako, mama. Trei imeandikwa Mama Pendo."

"Mimi nafuga kuku wa kishingo. Kifaranga wa kishingo anatoka na shingo tupu, haina unyoya hata mmoja. Hawa wana manyoya mpaka kidevuni."

Hapo Bernadina akakumbuka. Jana yake alikuwa amempa Mama Pendo mwingine, mama kijana kutoka Ngombezi, trei nyingine. Aliziona zile shingo tupu, akastaajabu, akataka kuuliza. Lakini watu walikuwa wengi dukani, na swali likampotea.

Mama Pendo wa Mpale alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Ugonjwa wa kideri umepita kwetu," alisema polepole. "Umefagia kuku wa banda lote, jogoo na matetea. Mbegu ile alinipa mama yangu nilipoolewa. Sikuwahi kuichanganya. Iliyobaki ni ile iliyokuwa kwenye mayai niliyokuletea."

Bernadina akamweleza kuhusu yule Mama Pendo mwingine. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mpigieni basi huyo mwenzangu," alisema Mama Pendo.

Mwaija alifungua mfumo kwenye simu ya duka, iliyokuwa mezani. Kulikuwa na Mama Pendo wawili, mmoja chini ya mwingine. Akaichukua namba ya simu ya yule wa pili, akapiga kwa simu yake mwenyewe. Mara aproni ya Bernadina ikaanza kutetemeka.

"Ngojeni kidogo, kuna mtu ananipigia," alisema Bernadina. Akaweka simu sikioni. "Haloo?"

"Haloo," alijibu Mwaija, naye amekaa mbele yake.

Wakatazamana. Siku nyingine wangecheka.

Mwaija alibaki kuangalia duka. Bernadina na Mama Pendo walichukua bodaboda mbili mpaka Ngombezi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Walimkuta mzee mmoja akichonga mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee. Tunamtafuta Mama Pendo."

"Marahaba. Mama Pendo yupi? Huku wako kama wanne."

"Mwenye vifaranga."

"Ahaa! Wale walionyonyoka shingo! Nyumba ile yenye mlango wa bluu."

Mama Pendo wa Ngombezi alitoka mbio, mtoto mgongoni.

"Mama Jacob! Nimekupigia mpaka simu imeisha chaji! Mashine yako imewaunguza vifaranga wangu. Tazama shingo zao!"

"Haijawaunguza, mama. Wako wapi?"

"Majirani wamesema ni ugonjwa. Nimewatenga nyuma ya jiko. Walisema niwafukie, ila roho imenikataa."

Vifaranga walikuwa kwenye ndoo, wamejikunyata pamoja. Baadhi walikuwa wamekwisha kufa kwa baridi. Mama Pendo wa Mpale alipiga magoti kwenye majivu. Aliwachukua wazima mmoja mmoja, akawafunika kwa khanga yake, karibu na kifua. Hakugomba. Bernadina angependa agombe.

"Jogoo yumo?" Bernadina aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani anajua, wakiwa wadogo hivi? Asipokuwemo, mbegu imeishia hapa."

Walirudi dukani wote watatu, maana mama wa Ngombezi naye alikuwa anawataka vifaranga wake. Mwaija alikuwa amewasha taa ya joto. Vifaranga wa kishingo waliwekwa chini yake, na baada ya muda wakaanza kulia. Hapo ndipo Bernadina alipomgeukia Mwaija.

"Mfumo wako huu una akili gani? Umeshindwaje kujua kwamba hawa ni watu wawili?"

"Mfumo unajua ulichouandikia tu, dada. Umeuandikia Mama Pendo mara mbili, kwa namba moja ya simu, tena namba yako. Wao umewaacha nje."

"Sasa nifanyeje? Nianze kuhoji watu majina?"

"Usimhoji mtu. Waache wafungue akaunti zao wenyewe."

"Mteja ajiandikishe mwenyewe? Mwaija! Mteja ni mgeni. Mgeni unamwambia aingie jikoni ajipikie?"

Mwaija alifikiri kidogo. "Mgeni unampikia, dada. Lakini humtafunii."

Mama Pendo wa Mpale alicheka, mara ya kwanza siku hiyo. Mwaija akamwonyesha Bernadina kitufe kidogo ndani ya mfumo. Pembeni yake paliandikwa: Wateja wajisajili wenyewe. Kilikuwa kimezimwa. Bernadina aliwahi kukiona mara nyingi, akakipita.

"Nikikiwasha," aliuliza, "si kila mpita njia ataingia? Leo mlango naufunga kwa kufuli."

"Mfumo hauko humu dukani. Uko kwenye kompyuta za mbali, nawe umeukodi kama ulivyokodi fremu hii. Mtu aliye Handeni ataufikia kwa simu yake, usiku au mchana. Lakini haingii hivi hivi. Anaandika jina lake na namba yake. Mfumo unatuma tarakimu sita kwenye namba hiyo, naye anazijaza."

"Akiandika namba ya mtu mwingine?"

"Tarakimu zitakwenda kwa huyo mwingine. Yeye hatazipata, ataishia hapo."

"Na akipata?"

"Ombi lake linakuja kwako. Unalitazama. Kabla hujalikubali, hana trei hata moja."

Bernadina alivuta kiti karibu. Maswali sasa yalimjia yenyewe.

"Akishaingia, ataona mayai ya wenzake?"

"Ataona yake tu. Mwenye kuona yote ni wewe."

"Na neno lake la siri, mimi nitalijuaje?"

"Hutalijua."

"Hata mimi mwenye duka?"

"Hata wewe. Na mimi pia. Lile neno lako moja la wote ni hatari. Anayelijua angeweza kuingia kwa jina la mwenzake akachukua vifaranga. Kila mtu ajichagulie la kwake, asimtajie mtu. Akilisahau, anabonyeza Nimesahau, anatumiwa tarakimu mpya, anaweka neno jingine."

Mama wa Ngombezi alikuwa akisikiliza huku akimbembeleza mtoto.

"Dada, na mtu akinipigia akasema yeye ni wa dukani, nimtajie hizo tarakimu?"

"Kata simu," alisema Mwaija. "Hakuna mtu wa dukani anayezihitaji. Anayeziomba anataka kuingia kwako."

"Simu yangu mimi ni kitochi," alisema Mama Pendo wa Mpale. "Haina mtandao. Basi mimi nimeachwa."

"Hujaachwa, mama. Tarakimu zinaingia hata kwenye kitochi. Kujaza utajaza hapa, kwenye simu ya duka. Ukimaliza unabonyeza Toka, ili anayefuata asikukute humo ndani."

Bernadina akakiwasha kile kitufe, kisha akampa Mama Pendo wa Mpale simu ya duka. Mama aliishika kwa mikono miwili. Alitafuta herufi ya kwanza, akaipata. Ya pili ilimkimbia. Mkono wa Bernadina ukanyooka wenyewe kumsaidia. Mwaija akamtupia jicho, na Bernadina akaukalia mkono wake. Ilimwia vigumu kweli. Chai ilipoa kabla mama hajamaliza. Kisha kitochi kikalia, mama akasoma tarakimu kimoyomoyo, akazijaza, akabonyeza Toka.

Simu ya Bernadina ikatetemeka. Ombi jipya lilikuwa limeingia. Alilisoma, akakunja uso.

"Dorkasi Filemoni, wa Mpale. Huyu simfahamu. Nimkatae?"

"Ni mimi," alisema Mama Pendo.

Bernadina alimtazama. Siku alipoleta mayai, mwanamke huyu alikuwa amekaa kwenye kiti kile kile, akinywa chai yake. Jina lake alilisikia leo.

"Naomba nilione tena," alisema Dorkasi. Bernadina akamgeuzia kioo cha simu. Dorkasi alilitazama jina lake kwa muda. "Nimelipatia," alisema.

Ombi la pili lilitoka kwa mama wa Ngombezi, ambaye kumbe aliitwa Efrazia Peter. Bernadina aliyakubali yote mawili. Dorkasi akapewa vifaranga wake wa kishingo, na Efrazia akapewa wa kwake, wenye shingo zilizojaa manyoya. Bernadina alitaka kumfidia Dorkasi waliokufa kwa vifaranga wengine, ila mbegu ile haikuwa na mbadala.

Kuanzia wiki ile kila mteja alijisajili mwenyewe. Wengine walinung'unika, wakasema Mama Jacob siku hizi ana maringo. Bernadina aliwapa chai kama kawaida, akawaonyesha njia, akakalia mikono. Baada ya muda manung'uniko yalikwisha. Kutoka Handeni yalianza kuja maombi ya watu asiowahi kuwaona. Walijiandikisha jioni wakiwa kwao, wakapewa tarehe, wakaleta mayai siku ambayo trei ilikuwa wazi. Ujumbe wa vifaranga ulikwenda kwa wenyewe. Simu ya Bernadina ilitulia, akairudishia sauti.

Mwaka uliofuata, masika yalipoisha, Dorkasi alileta boksi la mayai.

"Walipona matetea watatu na jogoo mmoja," alisema. "Lakini jogoo mwenyewe mchanga. Anawika tu. Kama kazi anaiweza, mimi sijui."

Bernadina alikaa na swali hilo wiki nzima. Yai lisilopandwa na jogoo halina uhai, hata lipewe joto namna gani. Siku ya kuyapima ilipofika, alifunga dirisha, akawasha tochi, akalimulika yai la kwanza.

Ndani kulikuwa na doa jeusi, na kutoka hapo mishipa myekundu ilitawanyika, myembamba mno. Alishika la pili, na la tatu. Yote yalikuwa hivyo. Bernadina alicheka peke yake gizani. Akafungua mfumo, kwenye sehemu ya Dorkasi Filemoni, akaandika: Mayai yako yana uhai.

Hakuwa amemaliza hata kufungua dirisha, simu yake ikalia. Ilikuwa Mpale.

"Nimeona ujumbe!" Alikuwa Dorkasi. "Umeingia kwangu mwenyewe, kwa jina langu. Mbegu ya mama imerudi. Asante, Mama Jacob. Asante sana."

Bernadina alifuta machozi kwa ncha ya aproni.

"Bernadina," alisema. "Mimi naitwa Bernadina."