Jicho Halina Upindo

Uvumi wenyewe uliingia nyumbani pamoja na gauni la kupunguzwa kiuno. Msusi wa mtaani, ambaye hajawahi kuleta nguo bila kuleta na habari, aliliweka gauni juu ya meza ya kukatia, akavuta kigoda, akasema, "Fundi, umesikia mambo ya leza?"

"Sijasikia, na nina sare nane za kumaliza kabla ya Jumatatu," mama mshonaji alijibu bila kuinua uso.

"Ni mwanga tu, shoga yangu. Unalala, wanakumulika jicho dakika kumi, ukiinuka miwani unaitupa jalalani. Binamu yangu kafanyiwa. Sasa anasoma mabango ya ng'ambo ya barabara! Ila wanachagua watu. Namba ya miwani ikiwa bado inapanda, hawakugusi. Ikiwa imesimama, basi umepona."

"Haya," mama alisema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Lakini neno lile lilimganda kama uzi mweupe kwenye sketi nyeusi. Kila alipolikung'uta, lilirudi. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alivaa miwani tangu darasa la tatu, na kila mwaka namba ilipanda. Shuleni walimwita Darubini, na jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka hata nyumbani.

Wateja nao hawakumwacha mama apumue. Jumanne, muuza vitambaa alisema leza ni ya dakika tano. Jumatano, mke wa fundi bomba alisema hapana, ni ya dakika moja, tena miwani ndiyo inayoyafanya macho kuwa mavivu. Ijumaa, mama mmoja aliyefuata suruali ya mumewe alisema watu wametoka huko vipofu.

"Sasa nishike lipi?" mama alifoka baada ya mlango kufungwa. "Wote mmesikia, hakuna hata mmoja aliyeona!"

Jioni, akipiga pasi zile sare, alijisemea kwa sauti, "Laiti namba ya huyu mtoto ingesimama mwaka huu tu, ningempeleka wakammulike, nasi tukapumzika." Darubini alikuwa kwenye meza ile ile, akifanya kazi ya shule. Aliinua kichwa, kisha akarudi kwenye daftari.

Baada ya hapo mambo yalianza kwenda upogo. Darubini alijikwaa kwenye ndoo iliyokuwa mahali pake pa siku zote. Alimpungia mkono mgeni, akidhani ni shangazi yake. Kisha ikaja barua kutoka kwa mwalimu wa hesabu: "Mwanao ananakili maswali ambayo sikuyaandika ubaoni."

"Miwani iko wapi?" mama aliuliza.

"Kwenye mkoba, mama."

"Mkoba ndio unaosoma ubao?"

"Naupumzisha uso kidogo."

"Uso! Kwani unabeba mawe? Umeandika sita mahali pa nane ukurasa mzima, halafu unaniambia habari za uso?"

Darubini alinuna. Mama naye alinuna. Asubuhi Darubini aliondoka na miwani puani, lakini alipofika kwenye kona tu aliivua. Mama alimwona kupitia dirisha. Alitamani kumkimbilia, ila mguuni alikuwa na kandambili moja.

Wiki mbili baadaye ilifika siku ya kupimwa kwa mwaka. Mama alifunga kazi mapema, akamshika Darubini mkono kama mtoto wa chekechea, wakaenda hadi kwenye chumba cha mpima macho. Mpimaji alikuwa mzee mtaratibu, koti lake jeupe limechafuka wino mfukoni.

"Shikamoo daktari," walisema pamoja.

"Marahaba. Karibuni. Mna tatizo gani leo?"

"Hatuna tatizo," mama alisema. "Tunataka barua tu ya kwenda kumulikwa leza."

"Tupime kwanza. Barua haikimbii." Mzee alimgeukia Darubini. "Vaa miwani yako ya mwaka jana, mwanangu. Kama namba haijapanda, utaweza kusoma ubao wote ukiwa nayo. Mistari mikubwa tuiache. Anzia wa tano."

Darubini alikaa wima. "H, K, T, O, V," alitiririka. Mstari wa sita akausoma bila kuvuta pumzi. Wa saba, wenye maandishi madogo kama sisimizi, akaumaliza kama anayeimba.

Mama alijishika kifua. "Imesimama! Daktari, namba imesimama!"

Mzee hakucheka wala hakukasirika. "Fundi, hebu nisomee wewe huo mstari wa tano."

Mama alikaza macho. "Tisa... nne... mbili... Hee! Mbona ni tarakimu?"

"Ni tarakimu tupu. Ubao huu una pande mbili, na leo nimeugeuza. Wiki iliyopita binti yako alimleta bibi yake hapa kupata dawa. Nilimwona kasogea karibu na ukuta, anaandika kwenye daftari, anainua macho, anaandika tena. Nikadhani ananichora mimi. Nilipovuta hatua mbili nikakuta ananakili herufi."

Mama alilipuka.

"Yaani umekariri ubao! Jedwali la saba limekushinda mwaka mzima, ubao wa macho umeukariri? Nimefunga kazi, nimewaacha watu na nguo zao, nije nione sinema? Nani kakufundisha ujanja huu?"

Darubini alivua miwani. Machozi yalikuwa yamejaa. "Si wewe, mama? Ulisema namba ikisimama utanipeleka. Na mke wa fundi bomba alisema miwani ndiyo inaharibu macho. Nikaacha kuvaa ili isipande. Nikaona bado sioni, ndiyo nikakariri."

Mama alikumbuka pasi, na sare, na maneno yake mwenyewe. Alikuwa amewalaumu wateja wote kwa uvumi, kumbe aliyeutia sikioni mwa mtoto ni yeye.

Mzee alimpima Darubini upya, safari hii kwa mashine isiyouliza mtu swali. Namba ilikuwa imepanda. Alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Fundi, ukimshonea mtoto sare, unaikata sawasawa na mguu wake?"

"Hapana. Naacha upindo, kwa sababu bado anakua."

"Jicho la huyu bado linakua. Leza si tochi ya kumulika tu. Inachonga kioo cha mbele cha jicho, na kilichochongwa hakirudi. Jicho halina upindo, fundi. Ukilichonga leo, na namba ikaendelea kupanda, baada ya miaka miwili atarudi kwenye miwani, na kioo kimekwisha kupungua bure. Ndiyo maana madaktari wanasubiri mtu afikishe angalau miaka kumi na minane, na namba ikae palepale mwaka mzima au zaidi."

"Kwa hiyo ni kitu kibaya?" mama aliuliza.

"Sikusema hivyo. Wapo wengi iliowafaa. Wapo pia isiowafaa, hata wakiwa watu wazima: mwenye kioo chembamba, mwenye macho makavu, mjamzito, wenye magonjwa fulani. Hilo hulijui mpaka upimwe na daktari wa upasuaji, umwulize maswali yako yote." Kisha alimtazama Darubini. "Na wewe, mjukuu wangu. Kuacha miwani hakuizuii namba kupanda. Kunakuumiza kichwa na kukupotezea alama. Leo umejaribu kunidanganya mimi. Kama ningekuamini, ningekupa miwani isiyokufaa, nami ningekwenda nyumbani nikalala. Nani angebaki hana macho ya kuonea ubao?"

"Mimi," Darubini alisema polepole.

"Basi anayemdanganya daktari anajiibia mwenyewe."

Wakirudi, mama alipita kwa msusi. Hakukaa. "Huyo binamu yako ana miaka mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Na walimpima mara ngapi?"

"Mara tatu. Tena macho yalimwasha wiki nzima, akawa anatia dawa kila saa."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, shoga."

Mama alishusha pumzi ndefu, akaondoka kabla hajasema asilotaka kusema.

Miwani mipya ilikuwa tayari baada ya siku tano. Darubini aliivaa mlangoni, akatazama ng'ambo ya barabara, akasoma bango la duka la vitambaa mpaka namba ya simu ya chini kabisa. Kesho yake shuleni walimwita jina lake lile lile. "Naam, na naona mpaka kitabu cha hesabu ulichonakili," alimjibu mmoja, wenzake wakacheka. Mwisho wa mwezi mwalimu wa hesabu hakuandika barua.

Lakini uvumi haukuisha. Kila mteja alikuja na leza yake. Mama alipochoka kurudia, alimwita Darubini alete kalamu na karatasi, akamsomea, naye akaandika. Kabla ya kuibandika ukutani, mama alimwambia, "Mimi nilisema nisilolijua, wewe ukaficha unalolijua. Yote mawili yangekugharimu macho. Tusirudie." Karatasi ilisomeka hivi:

Usiamini habari ya macho kutoka kwa mtu aliyeisikia kwa mtu.

Usiache kuvaa miwani uliyopimiwa na daktari.

Usikariri ubao. Kama huoni, sema huoni.

Usifiche umri, ugonjwa, wala namba iliyopanda.

Usikimbilie leza kama bado unakua, au namba yako haijasimama.

Usikubali kufanyiwa na anayekuharakisha au asiyetaka maswali.

Usiseme mbele ya mtoto jambo ambalo hujaliuliza kwa mwenye kulijua.