Aliyefungiwa Chemchemi

Bomba lilianza kupumua mchana kweupe, na dobi alikuwa ameifunga koki kwa mkono wake mwenyewe akaikaza hadi mwisho. Alisikia hewa ikivutwa ndani polepole, kama mtu anayetaka kusema neno kisha akaghairi. Akainama, akatega sikio. Kimya. Akaona ni uchovu tu, maana siku hizo alichoka hadi kwenye kucha, akarudi kwenye beseni lake la mashati.

Zamani nyuma ya mtaa wao kulikuwa na chemchemi. Kila mtu alichota, hakuna aliyemuuliza mwenzake. Asubuhi moja redio ikatangaza kwamba serikali imeipa kampuni chemchemi hiyo, na kabla ya jua kutua matingatinga yalikuwa yamefika. Wakaimwagia zege, wakaizungushia ukuta, wakaingiza mabomba majumbani, ukitaka usitake. Watu waliandamana. Walipigwa virungu na mabomu ya machozi, wakaambiwa wanapinga maendeleo. Mume wa dobi, mwashi hodari, alirudi na mkono wa kulia uliovunjika. Uliunga vibaya, na tangu siku hiyo hakushika tena mwiko. Walimchagua mbunge mpya, naye wakamwona kwenye televisheni akikata utepe kwenye geti la kampuni huku akicheka. Basi, wakanyamaza. Dobi akawa anafua mashati ya meneja wa kampuni hiyohiyo, kwa sababu wateja wengine walishahama.

Baada ya bomba kupumua ikaja harufu: udongo uliolowa na majani yaliyooza, ndani ya nyumba iliyokuwa kavu kabisa. Kisha mama mkwe wake akaanza kunywa maji.

Alikuwa bibi mdogo wa umbo, anayetosheka na nusu kikombe. Sasa alikunywa jagi zima, akaomba jingine. Midomo yake ilibaki imepasuka na macho yakamwingia ndani, na usipomtazama alikwenda kuibana midomo yake kwenye koki na kufyonza.

"Mama, inatosha," dobi alimsihi siku moja, akimshika mabega. "Utajiumiza, mama yangu."

Bibi aligeuka taratibu, maji yakimchuruzika kidevuni, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake wala ya mwanamke mwingine yeyote, ilikuwa nzito na ya mbali, kama inayotoka chini ya mawe, ikapanda na ile harufu ya majani yaliyooza, ikajaza chumba hadi dobi akahisi nywele zinamsimama, asiweze kukimbia wala kupiga kelele.

"Nimekauka," ilisema. "Nimekauka, mwanangu."

Mganga aliletwa mchana uleule, mzee mwembamba aliyekuwa akikohoa na kuomba radhi kwa kukohoa. Akafukiza ubani, akamfunika bibi shuka, akakaa chini karibu naye.

"Wewe uliyepanda," aliuliza kwa upole, "umekuja kwa heri au kwa shari?"

"Nimekuja kwa kufukuzwa."

"Kwenu wapi?"

"Kwenye chemchemi. Nilikuwapo kabla ya mtaa wenu. Nilisikia mkichota, nikasikia watoto wenu wakicheka, sikumgusa hata mmoja. Wamenizika kwa zege. Njia niliyoiona ni bomba tu."

Mganga akashusha pumzi. "Unataka nini umwache huyu mama? Sema, tukupe."

"Nataka kwangu."

Mwashi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Na sisi tulitaka hivyohivyo," alisema, akainua mkono wake uliopinda. "Tukapewa huu."

Mganga akamvuta dobi pembeni, akamnong'oneza. "Mama huyu hafiki mwisho wa juma, anakunywa lakini anayekata kiu si yeye. Na huyo jini hatatoka hadi apelekwe kwa aliyemfungia. Kuna kitu cha mtu huyo humu ndani?"

Dobi akatazama kamba. Mashati ya meneja yalikuwa yananing'inia, meupe pepepe.

Alisita. Meneja alikuwa na mama yake pia, aliwahi kumwona akimshusha kwenye gari kwa kumshika mkono. "Na yeye je, atakufa?" aliuliza.

"Sijui, binti yangu."

Ndani, bibi aliguna kama mtoto. Dobi akapiga moyo konde, akaleta shati. Mganga akalifunga kiunoni kwa bibi, akasoma alichosoma, na shati likalowa lenyewe, likawa zito. Dobi akalipiga pasi likiwa bado linafuka mvuke wenye harufu ya udongo, akalipeleka kwenye jengo la kampuni, akalikabidhi mapokezi. Njiani kurudi alilia, hakujua analia kwa ajili ya nani.

Alimkuta mama mkwe amekaa kitako, anakunywa chai. "Mbona mmenifukizia nyumba yote?" alilalamika. Mwashi akamkumbatia mama yake kwa mkono mmoja.

Wakangoja habari za meneja. Wakamwona kwenye televisheni, mzima, ananenepa, kando ya waziri, akieleza kwamba sasa hata maji ya mvua yatasimamiwa na kampuni. Wala hakukohoa.

Kesho yake adhuhuri, dobi akiwa anakatakata sabuni, harufu ikarudi. Akakimbilia chumbani. Bibi alikuwa amejikunja pembeni ya kitanda, magoti kifuani, anatetemeka.

"Umerudi!" dobi akafoka kwa kunong'ona. "Si tulikupeleka? Si tulikubaliana?"

"Nilikwenda," ile sauti nzito ikajibu, na safari hii ilikuwa imenywea, ndogo, imechanika. "Nilimwingia, mwanangu. Mle hamna nafasi. Mmejaa. Wamo wengine, wala si wa maji, si wa moto, si wa aina yoyote niliyopata kuijua, wamekaa wamebanana gizani wanatafuna, na waliponiona hawakunipiga wala kunifukuza, walinitabasamia, wakaniuliza natokea nyumba gani."

Dobi akamwinamia. "Ukawaambia?"

Bibi akaanza kulia.

Mlango wa mbele ukagongwa. Taratibu, kwa adabu.

"Hodi wenyewe!" sauti ya mwanamume iliita, laini, changamfu. "Sisi ni wa kampuni. Tumekuja kukagua bomba tu." Nyuma yake sauti nyingine ikarudia maneno yaleyale kwa mlio uleule, na nyingine nyuma ya hiyo, na nyingine, hadi uchochoro mzima ukawa unasema tumekuja kukagua bomba tu, tumekuja kukagua bomba tu, bila hata mmoja kuvuta pumzi.

Mwashi alikuwa tayari ameegemeza bega mlangoni, mkono wake mzima ukisukuma komeo. Alimgeukia mkewe, uso umempauka.

Vidole vya bibi, baridi kama mawe ya mtoni, vikamkamata dobi kifundo cha mkono. "Usinitoe," jini likamwomba. "Tafadhali, mwanangu."

Dobi akapanda kitandani, akalifunika jini hilo shuka kichwani pamoja na mama mkwe wake, akawakumbatia wote wawili, akaziba kinywa chao kimoja kwa kiganja ili wasisikike.