Wi-Fi ya Matanga

Saa tisa mchana, jua likiwaka juu ya Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, kamera ndogo ya chumba cha mtoto iligeuza shingo bila kuguswa. Kavugho aliitazama, akasonya, akaendelea kukunja vitenge vyeusi.

Mumewe Paulin alikufa Goma mji ulipoanguka mikononi mwa waasi. Ndege hakuna, barabara hakuna. Akazikwa hukohuko, simu yake mfukoni. Lubumbashi ndugu walikaa matanga siku tatu. Ili wote wafuate maziko kwenye simu zao, Kavugho aliondoa neno la siri la Wi-Fi, maana nyumba ya kilio haifungwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini wahenga hawakuwa na Wi-Fi. Matanga yalipokwisha, mama huyu alirudisha viti, masufuria na maturubai ya watu. Mtandao akausahau wazi.

Kesho yake mchana nyumba ilinuka moshi na mawe ya volkano, mawe ya Goma. Alimkuta Chance, bintiye wa miaka minne, amepanda kiti, mkono kwenye komeo la mlango wa nje.

"Uko nafanya nini?"

"Papa anasema nimufungulie. Anasikia baridi."

"Papa iko wapi?"

Mtoto alionyesha chumbani. Kutoka kwenye kamera sauti ya Paulin iliita, "Chance, Chance," polepole, kama mtu mwenye mchanga mdomoni, na Kavugho akamnyakua mwanawe, akatoka mbio bila viatu, akapita jirani, akapita duka la mkaa, na bado masikioni ile sauti ilikuwa ikiita.

Rodrigue, mdogo wake, fundi wa simu katika mtaa wa Kenya, humohumo Lubumbashi, alikuja na pikipiki, akawarudisha nyumbani.

"Yaya," alimwambia dada yake, "uliacha réseau ya Wi-Fi bila code? Na kamera iko na code ya ku kartoni, 1234! Kila mutu anaingia. Ni bavoyou tu, wahuni wa mtaa."

"Voyou anajua sauti ya Paulin?" alinong'ona.

Rodrigue alifungua orodha ya vifaa vilivyoungana. Simu ya Kavugho. Televisheni. Kamera. Cha nne kiliandikwa: Paulin. Rodrigue alikifukuza mtandaoni, akabadili neno la siri la kamera, kisha akampa dada yake simu.

"Sasa ya réseau. Tia kitu hakuna mutu anajua."

Kavugho aliandika jina lake la utani la chumbani. Harufu ikaisha. Kamera ikainamisha shingo. Chance akarudi kuchezea vizibo vyake vya chupa sakafuni, na kwa mara ya kwanza tangu msiba mama yake akacheka.

"Njo imeisha," Rodrigue alisema akivaa kofia ya pikipiki. "Bon, ile jina, kweli hakuna anaijua?"

"Hakuna. Ni Paulin tu alikuwa ananiita..."

Moshi ulimjaa puani. Simu mkononi iliwaka: kifaa kipya kimeungana. Vizibo vilikuwa peke yavyo sakafuni.

Mlangoni komeo lililia, na Chance akasema kwa furaha, "Ingia, papa."