Sauti Iliyozidi Kwenye Wimbo wa Nne

Basi lilitushusha Lituhi jua likizama upande wa Malawi, mimi na binti yangu Loveth, na shida yangu ilikuwa ndogo tu: jina la mtu mmoja. Nilipate, niliandike, kesho yake nirudi Mbinga nikasahihishe mitihani.

Kazi yenyewe nilipewa na Omary, mwenye duka la simu na studio ndogo pale mjini Mbinga. Alikuwa amekusanya nyimbo za zamani za mwambao wa Ziwa Nyasa azitoe kwenye albamu moja, santuri zile kubwa ambazo siku hizi watu wameanza kuzitafuta tena. Ndani ya jalada kikae kijitabu cha maelezo: kila wimbo, nani kaimba, nani kapiga ngoma. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Same, serikali ndiyo iliyonileta huku. Omary aliniamini kwa kalamu. Mkewe, Zamda, aliniamini kwa kila kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akikaa na Loveth nikiwa na vipindi vya jioni, akimsuka na kumkaangia vitumbua, maana Mungu alikuwa hajamjalia mtoto wake mwenyewe.

Maelezo yote niliyamaliza, isipokuwa ya wimbo wa nne.

Huo ni wimbo wa kioda, ngoma ya akina mama wa ziwani, uliotoka kwenye kaseti ya zamani. Kiongozi, Restituta, anaanza kwa kuwaita wenzake jina kwa jina, na kila anayeitwa anaitika. Utadhani mwalimu anaita mahudhurio. Nilifurahi mno, nikawa nasikiliza huku naandika. Hildegardi. Abee! Matilda. Abee! Ida. Abee! Halafu Restituta anavuta pumzi. Haiti mtu. Na sauti inaitika...

Abee.

Ya mtoto. Karibu kabisa, kana kwamba mdomo umegusa kinasa sauti.

Mtu mwingine angeiacha ipite. Mimi siwezi. Daftari lisilo na jina huwa nalitupa dirishani, wanafunzi wangu wanalijua hilo. Aliyehudhuria aandikwe.

Restituta tulimkuta nyuma ya nyumba yake akianua dagaa kwenye chanja. Mzee mkavu, mwenye macho yasiyotulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu wako?"

"Wangu, bibi. Loveth, amkia."

Loveth akaamkia. Bibi alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. "Basi unajua kulea," akasema.

Nikampigia wimbo kwenye simu. Ilipofika ile abee ya mtoto alijiziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani ni majonzi, nikamwonea huruma. Leo najua alikuwa anaficha tabasamu.

"Wenzangu wote wamekufa," alisema taratibu. "Hakuna aliyewahi kukubali kumwita huyo. Wewe unataka kumwandika?"

"Nataka, bibi. Ni haki yake."

"Haki yake." Akajifuta magamba mikononi. "Haya, njoo."

Alitupeleka ufukweni, kwenye mawe ambapo wanawake hufulia. Hapakuwa na mtu. Giza lilikuwa linaingia na maji yametulia tuli. Restituta akaninong'oneza sikioni, "Anaitwa Edina. Lakini usimwandike hivi hivi. Kwetu mwimbaji anaitwa kwanza, anaitika, ndipo anahesabika. Si umesikia kwenye wimbo? Mwite, mwalimu."

Nikaita. Kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika dawati la mwisho.

"Edina!"

Nikayatazama maji.

Kisha harufu. Ya nguo zilizoloa zikasahauliwa kwenye beseni. Loveth akanishika sketi.

"Abee, mama."

Ilitokea nyuma yetu. Upande wa nchi kavu.

Niligeuka na sikuona mtu, ila kwenye mchanga mkavu palikuwa na nyayo ndogo zenye maji, na zilikuwa zinaongezeka. Restituta alianguka magoti akalia kwa furaha, akicheka na kulia kwa pamoja. "Ameitika! Ni wako sasa, si wangu!"

Nikamkimbilia na kumkamata mkono. Nikamtikisa, mzee wa watu, mbele ya mwanangu.

"Kikundi chetu kilikuwa hakina sauti," akasema akihema. "Mganga akatuambia mtoto mmoja abaki chini ya maji, atuitikie kutoka huko. Tukachagua asiye na mama. Nani angemlilia? Lakini yeye anataka mama, mwalimu. Aliyemwita ndiye mama yake, na siku tuliyomzamisha nilimwita mimi. Miaka yote hii nalala nimeziba masikio."

"Nitamtoaje?"

"Mpaka mwingine amwite jina lake. Atakayeitika, anamfuata aliyeita. Ndivyo ilivyo." Alijichomoa, akakimbilia nyumbani kwake, nikasikia komeo.

Nyumbani Mbinga, nilipoita "Loveth!" nikawa naitikiwa mara mbili. Moja chumbani. Moja kutoka kwenye pipa la maji nje.

Nilijaribu kusali. Nilijaribu kukasirika, maana hasira ndiyo dawa yangu ya kila kitu. Haikusaidia. Kila asubuhi godoro la Loveth lilikuwa limelowa na mwenyewe anakohoa. "Mwenzangu anataka kulala katikati, karibu na wewe," alinieleza bila hofu yoyote. "Ananisukuma ukutani." Akaanza kukonda. Siku moja nilitoka jikoni nikamkuta ameinama juu ya ndoo, kichwa chote kimezama, vipovu vinapanda. Nilimvuta kwa nywele. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya bluu.

"Ananifundisha kuimba kutoka chini," akasema alipopata pumzi.

Hapo nikajua kwamba nyumba yangu haitabaki na watoto wawili. Na mimi namtaka wangu.

Nikamfikiria Zamda.

Sijipambi. Nilimfikiria Zamda kwa sababu alikuwa karibu, ananipenda, na asingeuliza maswali. Nikajiambia: si anataka mtoto? Basi apate. Usiku huohuo nikakaa mezani nikamalizia maelezo:

*Wimbo wa nne, kioda, Lituhi. Kiongozi: Restituta. Waitikiaji: Hildegardi, Matilda, Ida na Edina. Kwa desturi ya wenyewe, mwimbaji huitwa ndipo akahesabika. Msomaji anaombwa ayaite majina haya kwa sauti kabla ya kusikiliza.*

Omary alisema hayo ndiyo maelezo mazuri kuliko yote kijitabuni.

Uzinduzi ulifanyika ukumbini, Jumamosi mchana kweupe. Nilimwomba Zamda awe msomaji.

"Mimi, dada? Mbele za watu wote hao?"

"Wewe. Nani mwingine ana sauti tamu kama yako?"

Alifurahi hadi machozi. Alipaka hina, akavaa ushungi mpya.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa namchana Loveth, akawa anacheka peke yake. "Mama, leo tumebadilishana majina. Mimi ndiye Edina, yeye ndiye Loveth."

"Tulia, utanichelewesha."

Ndivyo nilivyomjibu. Akili yangu ilikuwa ukumbini, kwa Zamda, kwenye ule mstari.

Zamda alisoma vizuri. Alisimama wima, akaita kama alivyoelekezwa, akiacha nafasi baada ya kila jina. Hildegardi. Matilda. Ida. Nikaisikia ile harufu ya nguo mbichi ikipanda, nikamshukuru Mungu. Ndiyo, nilimshukuru Mungu.

"Edina!"

"Abee, mama."

Aliyeitika ni Loveth.

Loveth wangu mwenye joto, kwenye kiti cha pembeni yangu. Aliinuka, akapita katikati ya watu na kunyoosha mikono, na Zamda akapiga goti akamkumbatia. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walidhani tumefanya mazoezi.

"Loveth!" nikapiga kelele. "Loveth, rudi!"

"Abee, mama," ikaitika sauti chini ya kiti changu. Na vidole vyenye maji vikanishika kifundo cha mguu.

Nilikwenda kumchukua jioni ileile. Alilia kama mtoto anayeporwa na mtu asiyemjua, akang'ang'ania shingo ya Zamda. "Mwache alale huku leo tu, dada," Zamda aliniambia kwa upole. "Labda kuna kitu kimemtisha." Leo ikawa wiki, na wiki zikasonga. Nimekwenda na mchungaji, nimekwenda na mwenyekiti wa mtaa. Wanamwuliza mtoto mwenyewe, naye anasema nyumba yangu inanuka na mimi hanijui. Wananitazama kwa namna ambayo sasa nimeizoea.

Amenenepa. Kikohozi kimeisha. Zamda amempa jina la Kauthar, na nilipojaribu kumwita kwa jina hilo alimtazama mama yake kwanza, kama anaomba ruhusa. Jana nilipita dukani, alikuwa barazani anasukwa. Akanyanyua uso na kunisalimia kwa adabu, adabu niliyomfundisha mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikamwambia marahaba, nikanunua vocha, nikaondoka.

Albamu inauzika. Omary anasema watu wa mbali wanamwandikia kwamba wameyaita majina yale kwa sauti kama kijitabu kinavyosema. Namwuliza kama kuna aliyeitikiwa. Anacheka.

Haitikiwi mtu. Anayeitika yuko kwangu, na siku hizi hana jina lingine zaidi ya lile nililomchagulia mwanangu siku aliyozaliwa. Kila jioni namchana nywele zisizokauka. Namwekea sahani. Kisha nafunga mlango na kuita, kwa sauti ya chini ili majirani wasisikie, "Loveth," na kila jioni naitikiwa.