Bati la Juu ya Mzinga

Hebu fumba macho kidogo, uone kijiji kimoja cha Kent, Uingereza. Ni Novemba, mwaka mmoja na nusu baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Saa kumi na nusu alasiri, na giza tayari linaingia. Njia ina matope. Mwanamke anatembea upesi, dumu la mafuta ya taa mkononi. Huyo ni mimi, mwalimu wa shule ya kijiji. Nyumbani ananingoja dada yangu Olive, na sisi ni wawili tu.

Umemwona? Sasa sikiliza.

Trrrrrrrr...

Kila mtu wa Kent aliujua mlio ule, kama pikipiki mbovu inayopanda kilima. Ulikuwa mlio wa dudu. Ndivyo tulivyoyaita yale mabomu yaliyoruka angani bila rubani. Mlio ukiendelea, dudu linakupita. Mlio ukikatika, linaanguka. Unalala chini na kuhesabu, na kabla hujafika kumi na tano unajua kama bado uko hai.

Mlio ukakatika.

Nilijitupa kwenye matope. Nikahesabu kama nilivyowafundisha watoto darasani. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili...

Kimya.

Niliinua kichwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mlio ule haukutoka angani. Ulitoka nyumbani kwetu.

Olive alikuwa ameketi jikoni, kinywa wazi, midomo ya buluu. Alikuwa hapumui. Jikoni kulinuka petroli, na harufu nyingine chini yake... ya jiwe bichi lisilowahi kuona jua. Nilimtikisa. Ghafla akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa mtoni.

"Mbona umejaa matope hivyo?" akaniuliza. "Umeteleza?"

Hakukumbuka lolote.

Kesho yake, saa ileile, mlio ulimtoka tena kinywani. Ulipokatika, hakupumua hadi nilipofika ishirini. Siku ya tatu, thelathini na moja. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu. "Vita vimetuchosha sote. Mpe maziwa ya moto." Siku ya nne nilimshikia kioo mdomoni, nikahesabu hadi arobaini na nne kabla hakijapata ukungu.

Mimi ni mwalimu, najua hesabu. Kila binadamu ana namba ambayo akiifikia harudi.

Asubuhi nilikwenda kwa Percy Fagg, muuza mafuta ya taa. Wakati wa vita mzee huyu aliwakusanyia maofisa wa jeshi mabaki ya madudu mashambani. Ungempa kipande kidogo kama kisahani, angekuambia kilikaa wapi kwenye bomu.

"Mwalimu! Mafuta yamekwisha tena? Mnayanywa nini, nyinyi mabinti?"

Nilimweleza. Kicheko kikatoweka usoni mwake.

"Mna kipande cha dudu nyumbani?"

Nani hakuwa nacho? Sisi tulikuwa na tufe la chuma lililozungushiwa waya kama bonge la uzi wa kufumia. Ndani yake ndimo ilimokaa hewa ya kusukuma mafuta ya dudu. Tulilitumia kuzuia mlango usijifunge. Mimi na Percy tulilisukuma kwa toroli hadi kwenye shimo lililojaa maji, pale dudu lilipoangukia, tukalizamisha.

Jioni hiyo Olive alifika hamsini na nane.

Siku ya sita Percy alikuja mchana kweupe. Olive alikuwa amelala kwenye kochi la jikoni, mwepesi kama kikapu kitupu.

"Si lile, Mwalimu. Kuna kingine."

"Hakuna, mzee Fagg. Nakuapia."

"Kipo. Niletee ile sumaku ya darasani."

Alipekua nyumba nzima, kisha tukatoka bustanini. Akasimama mbele ya mzinga wa nyuki wa Olive, akiutazama mfuniko wake wa bati.

"Na hili?"

"Hilo la ndege yetu ya vita, ile iliyoanguka shambani kwa akina Akehurst. Olive alipewa wakati mbao hazipatikani. Ona, upande wa tumboni lina rangi ya samawati, kama ndege zetu."

"Madudu nayo yalipakwa samawati tumboni," akasema taratibu. "Lakini ngozi ya ndege zetu ni aluminiamu. Sumaku hainati hapo."

Akaisogeza sumaku.

Tak!

Ikanata.

"Mungu wangu," nikanong'ona.

Percy hakuniangalia. "Madudu yaliundwa na wafungwa, Mwalimu. Kwenye mahandaki, chini ya mlima, huko Ujerumani. Walikufa wakiwa kazini, wakaletwa wengine. Nimeokota vipande vyenye majina yaliyokwaruzwa kwa msumari. Mtu alitaka ijulikane kwamba alikuwepo."

Nikakumbuka desturi ya kwetu: mtu wa nyumba akifa, mwenye nyuki huwaendea nyuki wake kabla ya mazishi. Anagonga mzinga mara tatu kwa ufunguo wa mlango, anawaambia nani amefariki. Wasipoambiwa, kifo hakiondoki hapo. Humrudia anayewafuga. Olive aliwaambia baba alipokufa. Akawaambia mama. Lakini mfungwa aliyeunda bati lililowaezekea nyumba yao, nani aliwahi kumtangaza?

"Tunahitaji jina," nikasema.

Tuliligeuza bati. Harufu ya petroli ikatupiga puani. Kulikuwa na mikwaruzo, herufi kubwa zilizopinda: STANI... Baada ya hapo chuma kilikuwa laini, kinang'aa.

"Nani amesugua hapa?" Percy akauliza kwa sauti ya chini.

Ni mimi. Kabla ya kuliweka nililisugua kwa mchanga na brashi ya waya. Niliiona mikwaruzo ile, nikadhani ni uchafu tu, kama michoro ya watoto kwenye madawati. Niliacha mkono ulipochoka.

Trrrrrrrr...

Ulitoka jikoni. Na jua lilikuwa bado liko juu.

Percy alikimbia ndani. Mlio ukakatika.

"Hapumui! Waambie, Mwalimu! Waambie!"

Nilichomoa ufunguo mlangoni. Nikagonga mara tatu. "Nyuki, Stani amefariki."

Nikahesabu. Ishirini... Thelathini...

"Stani, aliyefanya kazi chini ya mlima, amefariki."

Hamsini. Sitini. Nilimsikia Percy akilia. Sabini...

Nikapiga magoti, paji la uso nikaliegemeza kwenye mzinga. "Alikuwa mtoto wa mtu. Jina lake lililobaki nimelifuta mimi. Sikujua. Nisameheni. Stani amefariki."

Nyuki wa Novemba hujikunyata, huwasikii. Lakini ndani ya mzinga ule ulianza mvumo... mzito, mrefu, kama watu kanisani wanaoitikia sala.

"Amevuta!" Percy akapiga kelele. "Amevuta pumzi!"

Olive yu hai, na mlio ule haukurudi tena. Lakini kila siku saa kumi na nusu sindano husimama mkononi mwake, na kifua nacho husimama. Nahesabu kimoyomoyo. Tatu. Siku nyingine saba. Kisha hushusha pumzi na kuendelea kushona, kama mtu aliyesikia hodi, akafungua, asikute mtu.

Percy anasema marehemu anangoja nusu ya jina lake. Nimeandika barua kila mahali ninapojua, na nimejibiwa kwamba akina Stani walikuwa wengi mno. Basi kila jioni naenda mzingani na orodha yangu ya majina yanayoanza na Stani, nasoma jina moja, nasikiliza. Nyuki bado hawajaitikia.

Nawe, mpenzi msikilizaji, nakuomba ukumbuke jambo moja tu. Ukikuta mikwaruzo kwenye chuma cha zamani, weka brashi chini kwanza.

Isome.