Dumu la Ugbad Ndani ya Friji ya Daktari

Jumatatu asubuhi, friji ya zahanati moja ya utafiti pale Waberi, mjini Garissa, ilikutwa tupu. Dawa yote ya majaribio ilikuwa imetoweka, ile ya kuzirudishia ujana seli za uboho zinazozaa damu, ambayo wazee wa Garissa walikuwa wameitegemea kweli kweli. Imeibwa, alisema Daktari Abdihafid. Umeme ulikatika wikendi nzima, akaongeza, lakini jenereta ilifanya kazi bila shida. Mlinzi, Kerrow, alikiri kwamba Jumamosi jioni aliingia chumba cha friji. Alipoulizwa alifuata nini, akafunga mdomo.

Basi Inspekta Samsam akaona kesi imekwisha. Haraka gani hiyo! Alimfuata Kerrow sokoni, akamtia pingu mbele ya wauza mbuzi, watoto wa mlinzi huyo wakitazama.

Alasiri Ugbad, muuza maziwa ya ngamia, alifika kituoni amejifunika uso kwa aibu, dumu mkononi. Kisa ni yeye. Alimsihi Kerrow amwekee dumu la maziwa mabichi kwenye friji ya dawa, jambo lililokatazwa, na Kerrow alinyamaza asimponze. Ugbad alipolichukua alfajiri ya Jumatatu, chupa za dawa zilikuwepo zote.

Samsam hakumwamini. Akafungua dumu, akaonja. Maziwa yalikuwa yamechacha, na Ugbad akasema aliyakuta hivyo hivyo alfajiri. Samsam amekulia kwa wafugaji wa ngamia, akainuka papo hapo.

Alimkuta daktari ofisini kwake, zahanati.

“Daktari, maziwa ya ngamia hayachachi siku mbili ndani ya friji yenye baridi. Jenereta ilikuwa wapi?”

Abdihafid aliinamisha kichwa. Ilikuwa nyumbani kwake tangu Jumamosi usiku, kwenye harusi ya dada yake. Jumatatu alikuta dawa ina joto, imeharibika, akaimwaga chooni na kupiga kelele za mwizi.

“Wale wazee ni adeer zangu, ami zangu, wamenilea,” alisema. “Niliona heri wamlaani mwizi kuliko wajue ni mimi.”

“Na Kerrow?”

Daktari alisimama, akamfuata Samsam hadi kituoni, akaachwa barazani.

Samsam alimtoa Kerrow mahabusu, akafunga mlango wa ofisi, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Kerrow alimsikiliza mpaka mwisho, akivaa mkanda wake.

“Afande, pingu ulinitia sokoni,” alisema. “Na radhi niombe huko huko.”

Sokoni watu walikuwa bado wamejaa. Samsam alifungua mlango, akamwita daktari, akatangulia yeye kuelekea huko.